Asili ya Menyuni na Asili ya Jikoni

Ubao wa mlangoni umeandikwa kwa chaki za rangi: uji wa ulezi na mtindi, saladi ya mchicha mchanga, ugali wa dona kwa kuku wa kienyeji, pilau ya mchele wa brauni, juisi ya rozela. Ndani kuna meza za mbao zisizopakwa rangi, vikapu ukutani na mitungi ya vioo iliyojaa mbegu za kila aina. Migahawa ya namna hii imeenea Masaki na Mikocheni jijini Dar es Salaam, Westlands na Kilimani jijini Nairobi, na hata Mji Mkongwe wa Unguja. Nayo maswali ya wasomaji hayabadiliki: mtu akienda pale aagize nini, na atajuaje kwamba analipia chakula chenye afya, wala halipii mapambo ya ubao?

Wanaouliza wana sababu tofauti. Yupo aliyetoka kliniki akaambiwa sukari imeanza kupanda. Yupo aliyealikwa na wenzake wa kazini akakaa mbele ya menyu yenye kinwa, chia na hamasi, akaishia kuagiza chai. Yupo anayetaka tu kumpeleka mama yake Jumapili mahali tofauti na penye chipsi kuku. Wote wanatafuta namna ya kuisoma menyu na kumuuliza mhudumu bila kujiona washamba na bila kuudhi mtu.

Nadharia ya lishe imewekwa kando hapa. Zinazofuata ni hatua, tahadhari na makosa, kuanzia nyumbani hadi kwenye kiporo.

Kabla ya kutoka nyumbani

Dakika tano za maandalizi huokoa saa nzima ya kuhangaika mezani.

- Tafuta menyu mapema. Migahawa mingi huiweka kwenye Instagram au huituma kwa WhatsApp. Chagua vyakula viwili ukiwa umetulia; ukifika ukakuta kimoja kimeisha, bado una kingine.
- Piga simu kama una mzio, unatumia dawa za kila siku, au unakwenda na mtu mwenye masharti ya dini. Simu ya saa nne asubuhi hupokelewa na mtu mwenye nafasi ya kujibu. Ya saa saba mchana hupokelewa na mtu mwenye sahani mkononi.
- Uliza vinavyochukua muda. Mchele usiokobolewa huiva kwa takriban dakika 45, na kuku wa kienyeji halisi huhitaji saa nzima au zaidi. Mgahawa mzuri huvichemsha mapema. Mgahawa usiofanya hivyo utakungojesha.
- Usiende ukiwa na njaa kali. Mwenye njaa kali huagiza kwa macho, na kila kilichokaangwa huonekana kitamu.

Kitenzi kwanza, nomino baadaye

Walaji wengi husoma nomino tu: mihogo, viazi vitamu, samaki, maharage. Hakuna kibaya hapo. Kinachoamua ni kitenzi kilichofichama nyuma ya nomino, kwa sababu muhogo wa kuchemsha na muhogo wa kukaanga hutoka shamba moja na kufika mezani vyakula viwili tofauti.

Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, yawe ya alizeti kutoka Singida, ya nazi au ya zeituni, kina takriban kalori 120. Mgahawa unaweza kujivunia aina ya mafuta yake, lakini kiasi ndicho kinachohesabika kiunoni.

- Kuchemsha, kuivisha kwa mvuke, kuchoma, kuoka: anza hapa.
- Kuunga: uliza kimeungwa kwa nini. Karanga, tui na mafuta vyote vinafaa kwa kiasi. Sahani yenye wali wa nazi, kisamvu cha nazi na maharage ya nazi imebeba tui mara tatu.
- Rosti: jina hili huficha mengi. Mara nyingi nyama hukaangwa kwanza, ndipo ikatiwa kwenye mchuzi.
- Kukaanga: kunabaki kukaanga hata kama kilichokaangwa ni kiazi lishe.

Kiazi lishe chenyewe, kile chenye nyama ya rangi ya chungwa, kina heshima yake. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa wataalamu wanne, wakiwemo Jan Low, Maria Andrade na Mganda Robert Mwanga, ambao walitambuliwa kwa kazi yao juu ya viazi hivyo vinavyoupa mwili vitamini A. Rangi ile huhitaji mafuta kidogo ili mwili uinyonye. Kipande cha parachichi pembeni ya kiazi cha kuchemsha kinatosha.

Maneno matamu na kilicho ndani yake

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Menyu yenye sifa nyingi kuliko vyakula inastahili kusomwa taratibu.

*Asili.* Neno hili halina kipimo jikoni. Sukari guru ni ya asili, asali ni ya asili, na mafuta ya nazi pia, ingawa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni yale yanayoganda, ambayo wenye lehemu nyingi huambiwa wayapunguze.

*Oganiki.* Hili lina kipimo. Tangu mwaka 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, na alama yake inaitwa Kilimohai. Vyama vya kilimo hai kama TOAM cha Tanzania na KOAN cha Kenya vinahusika nayo. Mgahawa ukijitangaza kuwa ni oganiki, ni haki ya mteja kuuliza kama wakulima wake wana alama hiyo. Baadhi wanayo, na wengine wananunua sokoni kama kila mtu.

*Kienyeji.* Kuku wengi wanaouzwa kwa jina hili ni chotara waliofugwa kwa chakula cha dukani. Nyama yao si mbaya. Shida ni kulipa bei ya jogoo wa kijijini kwa kuku wa aina nyingine. Mifupa migumu na nyama inayohitaji meno ndiyo dalili ya kienyeji halisi.

*Brauni.* Mkate unaweza kuwa na rangi ya udongo kwa sababu ya pumba chache na rangi ya sukari iliyounguzwa. Chapati pia inaweza kuwa nusu atta na nusu unga mweupe. Swali ni moja: unga mweupe umo au haumo?

*Bila sukari.* Mara nyingi maana yake ni kwamba sukari nyeupe haijatiwa. Tende, asali, juisi ya nanasi au sharubati inaweza kuwa imechukua nafasi yake.

*Chumvi ya waridi.* Ile ya Himalaya ni chumvi tu, na kwa kawaida haikuongezwa madini joto kama chumvi ya kawaida ya dukani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, iwe ya rangi gani.

*Kuondoa sumu mwilini.* Kazi hiyo hufanywa na ini na figo, bila malipo. Juisi ya kijani inywewe kwa kuwa ni tamu.

Dona ina swali lake

Dona hustahili sehemu yake kwa kuwa ndiyo fahari ya migahawa hii. Mahindi yakisagwa pamoja na ganda na kiini, nyuzinyuzi, vitamini na mafuta ya kiini hubaki. Kwenye sembe sehemu kubwa ya hivyo huondoka na pumba. Hadi hapo dona imeshinda.

Lakini kiini kina mafuta, na mafuta huchacha. Dona iliyosagwa zamani ikakaa kwenye joto la Dar es Salaam huwa na uchungu unaosikika kooni. Zito zaidi ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 takriban watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika ugali hakuiondoi. Kukoboa mahindi hupunguza sehemu ya sumu, kwa hiyo dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe ya mahindi hayo hayo.

Hii si sababu ya kuikimbia dona. Ni sababu ya kuuliza mahindi yanatoka wapi, kama yanachambuliwa, na yamesagwa lini. Mpishi anayesaga mwenyewe kila wiki hujibu kwa furaha.

Namna ya kuuliza bila kugombana

Kuuliza si ujinga, lakini sauti ya polisi huharibu mlo. Maswali mawili au matatu, kwa upole, yanatosha. Dar es Salaam mtu huanza hivi: "Samahani dada, hiki kisamvu kimeungwa kwa nini?" Nairobi: "Samahani, hii chapati ni atta tupu ama imechanganywa?" Mhudumu mtu mzima huitwa mama au mzee, naye hujibu kwa moyo zaidi.

Maswali yenye faida kubwa ni haya:

- Unga, mchele na mkate: vimekobolewa au la?
- Mafuta: ya aina gani, na naweza kupikiwa kwa kidogo?
- Sukari na asali: naweza kupata kinywaji kisichotiwa kabisa?
- Chumvi: mnatumia viungo vya paketi au vidonge vya supu? Mnatia magadi?

Magadi husahaulika. Huharakisha maharage na kulainisha mlenda, lakini huongeza sodiamu na kuharibu vitamini B1. Mwenye presha ana haki ya kujua.

Majibu huja kwa namna tatu. Mhudumu anayejua hujibu papo hapo. Asiyejua lakini mwaminifu husema, "Ngoja niulize jikoni," akaenda kweli. Wa tatu hutabasamu na kusema, "Vyote hapa ni vya asili tu." Kwa huyo, agiza chakula chepesi kukisoma kwa macho: samaki wa kuchoma, mboga ya kuchemsha, parachichi, tunda lililokatwa.

Kinywaji ndicho mtego mkubwa

Mlaji huagiza kwa uangalifu wote: dona, samaki wa kuchoma, mnafu. Kisha anaongeza glasi kubwa ya juisi ya embe na nanasi iliyotiwa asali, na hesabu yote inavurugika.

Shirika la Afya Duniani linataka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 50, na ni bora zaidi ikikaribia 25. Sukari huru ni pamoja na asali, sharubati na sukari iliyo ndani ya juisi ya matunda, hata iliyokamuliwa sasa hivi. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa ina takriban gramu 20, nao mdomo hauhisi kwamba umekula machungwa matatu.

- Tunda zima huishinda juisi, kwa sababu nyuzinyuzi zimo.
- Smuthi ni mlo. Ikiwa na ndizi, siagi ya karanga, tende na maziwa, isindikizwe na maji, si na sahani ya wali.
- Juisi ya rozela na ya ukwaju ni kali kiasili, na ukali huo huzimwa kwa sukari nyingi. Iombe bila sukari, uionje, ndipo uongeze mwenyewe.
- Ubuyu una sifa ya vitamini C. Unga mweupe wa ubuyu ndio unaosifiwa. Ule mwekundu wa Unguja umeshapikwa na sukari na rangi, ni peremende.
- Kombucha hutokana na uchachushaji na huweza kuwa na chembe za kileo. Anayejiepusha nacho aulize kwanza.
- Chai na kahawa zisubiri saa moja baada ya mlo, hasa kwa wenye upungufu wa damu, kwa kuwa hupunguza unyonywaji wa madini chuma ya mboga na maharage. Ndimu hufanya kinyume: ikamuliwe juu ya mchicha.

Kuipanga sahani

Kanuni rahisi ya macho: nusu ya sahani mboga na matunda, robo nafaka au mizizi, robo maharage, samaki, yai au nyama. Migahawa mingi hupakua kinyume, nafaka ikiwa mlima na mboga ikiwa pambo. Kuomba "wali nusu, mboga mara mbili" hakumshangazi mtu.

Wasomaji huuliza kama ni lazima kuagiza vyakula vya kigeni. La. Kinwa na mchicha ni wa ukoo mmoja wa mimea, na mbegu za mchicha hulimwa na kuliwa Kenya. Keili inayouzwa kwa bei ya juu ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele, na Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa wa nafaka za jamii ya ulezi, uwele na mtama. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kutafiti managu, saga, terere na kunde, mboga ambazo wengi walizidharau kuwa chakula cha maskini. Leo zimo kwenye menyu za hoteli za Nairobi.

Kwa mara ya kwanza, sahani mojawapo kati ya hizi haimwangushi mtu:

1. Samaki wa kuchoma, ugali wa dona wa ukubwa wa ngumi, mnafu au managu, ndimu pembeni.
2. Maharage au choroko, kiazi lishe cha kuchemsha, mchicha, kipande cha parachichi.
3. Asubuhi: uji wa ulezi usiotiwa sukari, yai la kuchemsha, papai.

Anayempeleka mama mkwe achague ya kwanza. Mzee akiletewa bakuli la majani mabichi na mbegu, ataona amechezewa, na atakuwa na haki.

Makosa yanayorudiwa

- Kuamini kwamba chakula cha afya hakinenepeshi. Granola iliyookwa kwa asali na mafuta, korosho za Mtwara na siagi ya karanga ni vyakula vizuri vyenye nishati nyingi. Kiganja kimoja cha korosho si sawa na bakuli.
- Kulipiza. Mlaji aliyekula saladi mchana hujiona amepata ruhusa ya keki ya karoti. Keki ya karoti ni keki.
- Kubadilisha kila kitu siku moja. Tumbo lililozoea wali mweupe likipokea dona, maharage, kabeji mbichi na mbegu za chia kwa mkupuo, litajaa gesi. Anza na chakula kimoja kipya, kunywa maji, kisha ongeza wiki ijayo.
- Kumwaga mchuzi wote wa saladi. Omba uletwe pembeni, chovya uma kwanza.
- Kuchukulia "bila gluteni" kama sifa kwa kila mtu. Ina maana kubwa kwa mgonjwa anayedhuriwa na ngano. Kwa wengine, biskuti isiyo na gluteni inabaki biskuti.
- Kudhani kibichi ni bora daima. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu ya sayanaidi, ndiyo maana bibi zetu hutwanga kisamvu na kukichemsha muda mrefu. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri ndio uliohusishwa na ugonjwa wa konzo, wa kupooza miguu, uliochunguzwa Tarime mwaka 1985. Maharage mekundu nayo yasipochemka sawasawa huumiza tumbo.

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi

Chakula kinachomfaa jirani kinaweza kumdhuru mwingine. Wafuatao wazungumze na daktari au mtaalamu wa lishe kabla ya kubadili ulaji, na wawe wazi mezani:

- *Wenye kisukari.* Dona na mchele wa brauni pia hupandisha sukari, ila taratibu zaidi. Kiasi bado kinahesabiwa. Asali haina msamaha.
- *Wenye ugonjwa wa figo.* Ndizi, parachichi, maji ya dafu na mboga za majani zina potasiamu nyingi. Juisi ya kijani inayosifiwa na wote inaweza kuwa hatari kwao.
- *Wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda.* Mboga za majani zina vitamini K. Hawakatazwi kuzila, kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika ghafla.
- *Wanaotumia dawa za presha kama nifedipine, au baadhi ya dawa za lehemu.* Balungi huongeza nguvu ya dawa hizo mwilini. Liangaliwe kwenye juisi za mchanganyiko.
- *Wajawazito.* Waepuke maziwa mabichi, mayai mabichi na mbegu zilizochipuzwa zisizopikwa.
- *Wenye mzio wa karanga, ufuta, soya, maziwa au ngano.* Mboga nyingi za migahawa hii huungwa kwa karanga, na mchuzi wa soya huwa na ngano. Waseme neno "mzio" waziwazi. "Sipendi karanga" husikika jikoni kama deko.
- *Watoto chini ya mwaka mmoja.* Wasipewe asali kabisa, hata tone kwenye uji, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu.

Usafi hauna mtindo

Kiti cha mbao na mmea wa mapambo havioshi kachumbari. Vyakula vibichi ndivyo vinavyobeba kipindupindu na homa ya matumbo, na migahawa hii huuza vibichi kuliko mingine.

Tazama vitu vinne: maji ya kunawa na sabuni vipo na vinatumika, saladi hutoka baridi na kavu badala ya kulegea, kisu cha nyama hakigusi matunda, na choo ni kisafi. Uliza barafu imetengenezwa kwa maji gani. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu, agiza vilivyopikwa vikatoka vya moto, na matunda yanayomenywa.

Maziwa mabichi yakisifiwa kuwa "hayajaharibiwa na moto", yaache. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo. Mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa una faida ile ile bila bahati nasibu.

Pingamizi zinazosikika

*"Ni ghali mno."* Mara nyingi ni kweli. Gharama hutoka kwenye kodi ya pango ya mtaa wenyewe, muda wa mpishi na vyakula vinavyoagizwa nje. Kwenda mchana badala ya jioni, kugawana sahani moja kubwa na kunywa maji hupunguza bili.

*"Si afadhali mama ntilie?"* Huenda. Sahani ya maharage, mchicha na ugali wa dona kwa mama ntilie, au githeri kwenye kibanda cha Nairobi, ni chakula kizima kwa sehemu ndogo ya bei. Kinachohitaji kurekebishwa ni mafuta na uwiano, na yeye ndiye mpishi, hivyo jibu halipitii kwa mhudumu: "Mama, niongezee mboga, wali punguza, mchuzi wa juu usiweke." Akikuzoea, hata hutasema tena.

*"Hakina ladha."* Mpishi aliyepunguza chumvi bila kuongeza tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, ndimu au pilipili amefanya nusu ya kazi. Omba ndimu na pilipili kabla ya kuomba chumvi.

*"Lazima niache nyama?"* Hakuna anayelazimisha. Ila kipande kichukue robo ya sahani, na maharage yapewe siku zake.

Bili na kiporo

Kabla ya kuagiza, angalia chini ya menyu kama bei zimejumuisha VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, na kama kuna ada ya huduma. Vyote viwili visipojumuishwa, sahani inayoonekana ya bei nafuu hupanda. Dai risiti ya EFD kwa Tanzania. Chakula kikija tofauti na ulivyoahidiwa, kwa mfano juisi iliyotiwa sukari, kirudishe baada ya kukionja mara moja. Kurudisha glasi tupu hakumshawishi meneja.

Sahani ikikushinda, omba ufungiwe. Smuthi na saladi iliyotiwa mchuzi zimalizwe pale pale, hazingoji. Wali uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kwa kuwa kuna bakteria wa wali ambao sumu yao haiondolewi na moto wa mara ya pili, na ukiliwa upashwe moto hadi utoe mvuke. Maharage hukaa vizuri hadi kesho. Ugali wa dona uliobaki uhifadhiwe humo humo kwenye friji, na asubuhi ukatwe vipande vyembamba, uchomwe juu ya jiko la mkaa hadi ushike ganda, uliwe na yai na nusu ya parachichi.